Eus keus? Au nilivyojifunza kwenda sokoni kwa lugha isiyo na wauzaji

Friji ya kwetu ina wenyewe wanne. Ukishaishi nyumba ya kushea Uingereza sheria unaijua, kila kitu kinabandikwa jina la mwenyewe, maziwa, mayai, hata nusu limao iliyokauka nayo ina mwenyewe. Sasa mi nikaja nikabandika karatasi zangu. Kwenye chupa ya maziwa: LETH. Kwenye siagi: AMANYN. Kwenye jibini: KEUS. Asubuhi moja mwenzangu mmoja, nesi kutoka Kerala, akaniuliza kwa upole kabisa, hivi huyu Leth kahamia lini, mbona hatujamwona, alafu maziwa yake yanakaribia kuharibika.

Leth ndo maziwa yenyewe. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Niko Truro, mji mkuu wa Cornwall, ile ncha ya Uingereza inayochomoza kusini magharibi kuelekea Atlantiki kama kidole. Kazi yangu kulea wazee, zamu za usiku nyingi, mvua nyingi zaidi. Mara ya kwanza naingia huku kwa basi niliona kibao barabarani kimeandikwa "Kernow a'gas dynnergh" nikadhani labda wamekosea kuandika. Kumbe ni karibu Cornwall, kwa Kikornishi, au Kernewek wanavyokiita wenyewe. Sio lahaja ya Kiingereza, usije ukamwambia mtu wa huku hivyo, ni lugha nyingine kabisa, ndugu yake Kiwelisi na Kibretoni cha kule Ufaransa, na ilikuwepo hapa kabla Kiingereza hakijazaliwa.

Baridi ya mwaka jana nikaamua kuingia darasani. Jumanne jioni, chumba cha nyuma cha maktaba, watu tisa, wengi wastaafu, mi peke yangu ndo wa kuja. Nilitegemea tuanze na "jina langu naitwa fulani" kama kila kitabu cha lugha duniani. Mwalimu akatupa karatasi ya orodha ya kwenda dukani. Nilipomuuliza akasema jina lako kila mtu unamtajia mara moja tu, mkate unanunua kila siku mbili.

Basi tukaanza na mkate. Bara. Maji ni dowr, chumvi holan, sukari sugra, nyama kig, samaki pysk, tufaha aval, yai oy. Chai ni te, kahawa ni koffi, hizo hazina shida. Duka ni gwerthji, yaani nyumba ya kuuzia, limeungwa hivyohivyo. Na senti wanaita diner, nikashtuka, maana sisi dinari tunaijua toka kwenye hadithi za masultani, na kweli ni mtu na nduguye, zote mbili chimbuko lake denarius, ile fedha ya Warumi, moja imepita Uarabuni ikatufikia pwani, nyingine imepita huku kwenye ukungu.

Sasa niseme jambo ambalo wazee wa darasani halikuwafurahisha sana. Mswahili anaingia kwenye hii lugha kirahisi kuliko Mwingereza. Mi sio fundi wa lugha, Kifaransa kilinishinda sekondari, lakini hapa nilijikuta mbele ya darasa bila kutegemea.

Kwanza sauti. Wenzangu wiki nzima wanahangaika lini utamke dh na lini th, maana Kiingereza zote mbili kinaziandika th, sijui mtu anajuaje. Kikornishi kinaandika kama sisi. Leth, ile th ya thamani. Dydh da, yaani habari za leo, dh ya dhahabu. Mwalimu akaniuliza umejifunzia wapi, nikamwambia madrasa, Temeke. Hakuelewa, ila akafurahi.

Pili, na hii ndo kubwa, neno linageuka kichwani. Mzungu amezoea neno likibadilika linabadilika mkiani, unaongeza s yako umemaliza. Sisi tangu utotoni tunajua kichwa cha neno hakitulii. Ulimi, ndimi. Ubao, mbao. Kijiko, vijiko. Hakuna anayeshangaa. Sasa ona samaki wa Kikornishi:

Mmoja ni pysk. Wawili ni dew bysk. Watatu ni tri fysk. Wanne, peswar pysk, amerudi alivyokuwa.

Yaani p imekuwa b, ikawa f, ikarudi p. Kuna mzee mmoja, fundi bomba mstaafu, aliweka kalamu chini akasema hii lugha inamdhihaki. Mi nikawa natabasamu tu. Alafu kumbe namba zenyewe nazo zinafuata ngeli! Sio ngeli nyingi kama zetu, ni mbili tu, kiume na kike, ila mbili ya kiume ni dew na ya kike ni diw, tatu ni tri na teyr, nne ni peswar na peder, kuanzia tano namba zinatulia. Mkate mzima, ule wa kununua dukani, unaitwa torth, na torth ni wa kike, kwahiyo mikate miwili ni diw dorth, mitatu teyr thorth, minne peder torth. Wenzangu wakalalamika, kwanini namba ibadilike? Nikawauliza, kwani watu wawili, vitu viwili, nyumba mbili, si zinabadilika? Nikawaeleza moja mpaka tano na nane zinafuata ngeli, ila sita, saba, tisa na kumi hazijali. Wakanitazama kama nimewatukania mtu.

Sentensi ya kwanza niliyoishika nzima ni hii: My a garsa torth a vara, mar pleg. Ningependa mkate, tafadhali. Umeona bara imekuwa vara, ni kwasababu ya kale ka a kadogo kaliko mbele yake, kanalainisha kila kinachokifuata. Ukitaka kipande cha jibini unasema tamm a geus, keus imelainika ikawa geus. Nilikuwa naisema njiani nikienda kazini, kwenye giza la saa kumi na mbili asubuhi, torth a vara, torth a vara, mpaka mtu mmoja na mbwa wake akavuka barabara.

Sio kwamba sikukosea. Orodha yangu ya kwanza niliandika hwegh oyow, mayai sita, nikajiona nimemaliza, hwegh ndo sita na oyow ndo mayai. Mwalimu akakata ule mkia wa ow kwa kalamu nyekundu. Ukishataja namba, jina linabaki la umoja, hwegh oy, yai sita. Nikasema hapana mwalimu hii haikubaliki, alafu nikakumbuka kibanda cha chipsi pale kwetu mtu anafika anasema "nipe zege yai mbili" na hakuna mwalimu wa Kiswahili anayetokea kumkamata. Basi nikanyamaza. Kosa la pili lilikuwa baya zaidi kidogo, hwegh ni sita lakini hweg ni tamu, na ukiwa na haraka masikio hayatofautishi, kwahiyo wiki moja nzima nilikuwa naagiza mayai matamu darasani na hakuna aliyenisahihisha, walikuwa wananisikilizia.

Kuna na hili la vitu vingi vingi. Kwa sisi mchele ni mchele, ukitaka mmoja lazima useme punje. Wao hilo jambo wamelifanya likawa sheria ya genge zima la mboga. Onyon ni vitunguu, ukitaka kimoja unaongeza en, onyonen. Fav ni maharage ya huku yale mapana, faven ni moja. Sevi ni stroberi, sevien ni moja, per ni mapeasi, peren ni moja. Yaani wingi ndo neno lenyewe na umoja ndo unaoongezewa. Nilipenda sana hii, kwasababu ndo ukweli wa sokoni, nani anaenda sokoni akafikiria haragwe moja?

Ila kilichonifanya nijisikie nyumbani kuliko vyote ni kwamba kwa kawaida hawajibu kwa ndiyo wala hapana. Ukiuliza kitu kipo, unajibiwa kipo, au hakipo. Eus leth? Yapo maziwa? Anajibu Eus, yapo. Au Nag eus, hayapo. Sasa si ndo dukani kwa Mangi hapo? Unafika dirishani, "sukari ipo?" "Ipo." "Mkaa upo?" "Umeisha." Nani anasema ndiyo kwa Mangi? Huku miaka yote nilikuwa naonekana sina adabu kwenye Kiingereza, naulizwa una mkoba wako najibu ninao, wananitazama. Kumbe nilikuwa naongea Kikornishi bila kujua.

Na kuna msemo wa zamani wa huku, watoto na wazee wanaoijua lugha wote wanao, unakwenda hivi:

Eus keus? Eus po nag eus? Mars eus keus, dro keus. Po nag eus keus, dro an pyth eus.

Jibini ipo? Ipo au haipo? Kama jibini ipo, lete jibini. Kama jibini haipo, lete kilichopo. Wengi wanaitamka karibu na "ez kez", kwahiyo inapiga kama ngoma. Mwaka 2018 kuna mwimbaji aliitia kwenye wimbo, wakaanza kuiimba mpaka watu wasiojua Cornwall iko wapi.

Tatizo la mi na wewe sasa. Lugha ya sokoni inahitaji soko. Nimejifunza Pygemmys yw?, bei gani, nimejifunza Ple'ma an bara?, mkate uko wapi, nimejifunza Re ger yw, ghali mno (ker ni ghali, ukiweka re mbele inalainika inakuwa ger), lakini nani wa kumwambia? Sensa ya mwaka 2011 watu 557 tu Uingereza na Wales nzima ndo walisema Kikornishi ni lugha yao kuu. 557! Foleni ya mwendokasi Kimara saa moja asubuhi ina watu zaidi ya hao. Wanaojua maneno mawili matatu ni wengi kuliko hapo, lakini uwezekano wa kumkuta mmoja wao kakaa kwenye mashine ya malipo ya supamaketi ni mdogo, na siku hizi mashine yenyewe inajiongelesha Kiingereza peke yake.

Ilifikaje hapo ni habari ndefu. Mwaka 1549 serikali ilileta kitabu cha sala cha Kiingereza kwa lazima, watu wa huku wakaasi, wakauawa kwa maelfu, na toka hapo lugha ikazidi kurudi nyuma kuelekea magharibi, kijiji kwa kijiji, mpaka ikabaki na wavuvi wa ncha ya mwisho kabisa. Na hapo ndo anaingia bibi ambaye mi nampenda bila kumjua.

Dolly Pentreath wa Mousehole. Kijiji cha wavuvi, kidogo, bandari yake unaizunguka kwa dakika tano. Dolly alikuwa muuza samaki. Mwaka 1768 akaja bwana mmoja msomi kutoka London, Daines Barrington, anatafuta kama bado kuna mtu anayekijua Kikornishi, akapelekwa kwa Dolly, akajifanya kwamba ameweka dau kwamba hakuna mtu aliyebaki wa kuiongea. Dolly akamwakia kwa dakika mbili tatu mfululizo kwa lugha ambayo yule bwana aliona inafanana na Kiwelisi. Majirani wawili wa kike wamesimama mlangoni wanacheka. Bwana akawauliza, ananitukana? Wakamwambia sana tu, kwa kudhani kwako hajui. Inasimuliwa kwamba tusi lake la kawaida lilikuwa kronek hager du, chura mweusi mbaya.

Mama yangu ameuza samaki wa kukaanga Temeke miaka ishirini na kitu. Saa kumi na moja alfajiri yuko Feri mnadani, na mtu akimwambia samaki wako wa jana huyo, wewe, huyo mtu atayasikia ambayo hakuyajua kuhusu ukoo wake. Niliposoma habari ya Dolly sikuona bibi wa makumbusho, niliona mama kashika pakacha. Dolly alifariki Desemba 1777, na mwaka 1860 mtoto wa ukoo wa Napoleon, Louis Lucien Bonaparte, akamjengea mnara kwenye ukuta wa kanisa la Paul, juu tu ya Mousehole. Mwanamfalme anamjengea mnara muuza samaki kwasababu ya mdomo wake. Nimempigia mama picha nikamtumia, akajibu kwa sauti, "sasa mi wangu nani atanijengea."

Kuna mwingine, mvuvi wa kijiji hichohicho, William Bodinar, aliandika barua kwa Kikornishi mwaka 1776. Umri wangu, anasema, ni try egance a pemp, yaani ishirini tatu na tano, sitini na tano, maana wanahesabu kwa ishirini ishirini. Anasema yeye ni mvuvi maskini, lugha aliipata utotoni baharini akiwa na wazee, na kwamba kijijini hawazidi wanne au watano wanaoiongea, wazee wa miaka themanini, vijana wameshaisahau. Barua fupi, lakini mi niliisoma zamu ya usiku wakati wazee wangu wamelala na nikaiweka chini mara mbili.

Lugha ikalala, ikaamshwa upya toka 1904 Henry Jenner alipotoa kitabu chake cha kufundishia, wakagombana miaka mingi kuhusu namna ya kuandika, 2008 wakakubaliana tahajia ya pamoja, na 2010 UNESCO wakaitoa kwenye orodha ya zilizokufa. Hayo mengine atafute mwenyewe mwenye bando.

Nikaamua kwenda Penzance siku ya mapumziko, nikaone. Barabara kuu ya pale inaitwa Market Jew Street, na wageni wote wanauliza Wayahudi wako wapi. Hakuna Myahudi, ni marghas yow, soko la Alhamisi, gulio kabisa, Waingereza walisikia vibaya wakaandika walichosikia. Na mji wa jirani, Marazion, nao chimbuko ni soko, marghas vyghan, soko dogo. Hapo ndo nikaelewa kwamba lugha ya sokoni haijaenda mbali, imebaki kwenye vibao, watu wanaikanyaga wakienda kununua nyanya. Na kwenye keki pia, kuna keki yao moja bapa ya zabibu kavu inaitwa hevva, kwasababu zamani mlinzi alisimama juu ya jabali akiona kundi la samaki limeingia anapiga kelele "Hevva! Hevva!", wanaume wanakimbilia mashua na wanawake wanakanda unga, mpaka nyavu zinavutwa keki imeiva. Ndo wanavyosimulia wenyewe. Nilinunua, ni nzito, inashuka na chai.

Basi Jumamosi moja, soko la wakulima la hapa Truro, mvua ile ya kwao isiyonyesha wala kukatika, nimesimama kwenye meza ya jibini. Kulikuwa na ile iliyofungwa majani ya kiwavi, ule mmea unaowasha, inaitwa Yarg, jina unaweza kuapa ni la Kikornishi cha kale, kumbe ni jina la ukoo la mtu, Gray, limesomwa kinyumenyume. Kijana wa mezani akaniangalia. Moyo unanidunda kama naenda kuposa. Nikasema, "Eus keus?"

Akasema samahani?

Nikarudia. Akageuka nyuma kama kuna mtu mwingine anaitwa. Nikataka kukimbia, nikawa tayari natafuta Kiingereza changu mfukoni, ndo nikasikia nyuma yangu kwenye foleni sauti ya mama mmoja mtu mzima, koti la mvua la njano, mkokoteni wa kununulia, anasema polepole kama anamjibu mtoto: "Eus, po nag eus?"

Nikageuka. Nikasema "Mars eus keus, dro keus." Akamalizia yeye, "Po nag eus keus, dro an pyth eus," na tukabaki tunaangaliana na mvua inatuingia shingoni, kijana wa jibini kashika kisu hajui akate au asikate. Yule mama akaniuliza kitu kirefu sana kwa Kikornishi, nikaambulia neno ple, wapi, nikajibu Tanzania, na hapo Kikornishi changu kikawa kimeisha, nikabaki na meur ras, asante, nikaisema kama mara nne. Duw genes, akasema, akaenda kwenye karoti. Jibini yenyewe ilikuwa re ger, nikakatiwa tamm ya kuonja mdomoni tu.

Jioni nikampigia mama. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, umekula, nimekula. Nikamsimulia yote, nikamfundisha na msemo, akaupata haraka kuliko fundi bomba wa darasani kwetu. Lete kilichopo, akasema, mbona ndo ninavyoagiza Feri kila siku. Alafu akauliza swali lake la biashara, huko kwenu samaki wadogo hawapo, jamii ya dagaa?

Wapo mama, wanaitwa hern.

Na mmoja?

Mmoja ni hernen.

Kimya kidogo, nasikia mafuta yanachemka nyuma yake. "Hereni? Samaki mmoja anaitwa hereni? Basi ukija niletee jozi."